Mwonekano wa thieta yenu: maswali tunayoulizwa kila mara

Ukurasa huu ni wa vikundi vya sanaa za maonyesho Nairobi: watayarishaji, waongozaji, na yule mwigizaji mmoja asiyekosekana katika kikundi chochote, anayejua kompyuta kidogo na sasa amegeuzwa dizaina. Maswali ni yale yanayorudi kila msimu. Tumeyapa nambari ili jibu moja likutume kwa jingine badala ya kurudia maneno.

## Misingi

1. Mwonekano wa thieta ni nini? Si ni nembo tu?

Nembo ni sehemu ndogo. Mwonekano ni yale yote yanayomfanya mtu aliye kwenye foleni ya matatu pale Kencom aone bango kwa mbali na kujua ni lenu kabla hajasoma jina: aina ya herufi, jinsi zilivyopangwa, rangi, namna mnavyopiga picha, hata mnavyoandika tarehe.

Kampuni ya bima inataka kitu kimoja kisichobadilika miaka kumi. Nyinyi mna onyesho jipya kila baada ya miezi michache: moja la huzuni, jingine la densi, la tatu la mtu mmoja na kiti. Mwonekano mzuri hubeba yote matatu bila kuyalazimisha yafanane. Tena mtu mwingine aweze kuutumia saa nne usiku, akiwa na simu tu, dizaina amelala. Hilo la mwisho ndilo kipimo chetu karibu katika kila jibu hapa chini.

2. Hatuna jengo letu. Tunauhitaji kweli?

Kuliko wenye jengo. Kenya National Theatre ilifunguliwa 1952, ikakarabatiwa na kufunguliwa upya 2015. Jengo lenyewe pale Harry Thuku Road linajitangaza. Kikundi kinachoigiza huko Machi, Juni kikahamia Alliance Française, Septemba kikakodi ghala Industrial Area, hakina mlango ambao watu wanaukumbuka. Kinachobaki nao ni bango na tiketi.

Tunaona mara nyingi jina la ukumbi likiwa kubwa kuliko la kikundi. Watu wanasema walikwenda "Alliance" kuona mchezo, na ukiwauliza ulikuwa wa nani, hawajui. Jina la kikundi likae mahali pamoja kila bango, ukubwa uleule. Ukumbi uingie kwenye mstari wa habari pamoja na saa na bei.

3. Bango la thieta ya kisasa linatofautiana vipi na la vichekesho au la vitabu teule?

Hadhira ya Nairobi imezoea kusoma aina hizo mbili. Bango la vichekesho vya wikendi lina sura za waigizaji zimepangwa safu, macho yamewatoka, na jina la mchezo ni sentensi ya utani. La vitabu teule hufuata jalada la kitabu, kwa sababu mnunuzi ni mwalimu wa fasihi anayetaka kuhakikisha wanafunzi wake wanaletwa kwa kitabu chenyewe. Yote mawili yanafanya kazi yake barabara, tusiyadharau.

Ila mkijitangaza kama wao mtapata hadhira yao, na dakika ya ishirini ya mwili mmoja kutambaa sakafuni bila neno, simu zitaanza kuwaka ukumbini. Hapo mtu hana kosa. Bango lilimwambia anakuja kucheka.

4. Tuanzie wapi kabla ya kumwita dizaina?

Kusanyeni mabango yenu yote ya zamani, myachapishe madogomadogo, myabandike ukutani, mrudi nyuma hatua kadhaa. Mtaona wenyewe kinachojirudia na kinachopigana. Mara nyingi kuna kitu kizuri ambacho hakuna aliyekipanga, labda picha zenu zote zimepigwa kwa mwanga wa pembeni, na hicho ndicho cha kuanzia.

Kisha jibuni manne. Mna maonyesho mangapi kwa mwaka? Mnaigiza kwa lugha gani? Dizaina akishaondoka, nani atatengeneza mabango, na kwa programu gani? Kama ni Canva kwenye simu, basi mwonekano wote ujengwe uwezekane Canva kwenye simu. La nne: nani ana neno la mwisho? Awe mtu mmoja. Nembo iliyopigiwa kura na watu tisa hutoka haina adui wala rafiki.

5. Tupange bajeti vipi?

Ombeni bei kwa vipande: nembo na kanuni zake, violezo vya mabango, bango la onyesho la kwanza, na mafunzo ya saa mbili kwa atakayebaki na kazi. Pesa zikiwa chache, punguzeni kwenye nembo (tazama swali la 6), violezo msiviguse.

Ile ahadi ya "tutakulipa tukishauza tiketi" tunaijua, na dizaina anaijua zaidi. Mkimpa sehemu mwanzoni, atawapa muda wake mzuri badala ya ule wa mabaki. Na kama kikundi kimesajiliwa na kinamlipa mkazi wa Kenya ada ya kitaalamu, kuna kodi ya asilimia 5 inayokatwa kabla ya malipo. Semezaneni juu yake siku ya kukubaliana bei, si siku ya kulipa.

## Nembo, herufi na rangi

6. Nembo yetu iwe na zile barakoa mbili, ya kucheka na ya kulia?

Hapana. Wala pazia, wala maikrofoni, wala ramani ya Afrika. Ichukueni nembo yenu muiweke juu ya bango la kikundi kingine: kama inakaa sawasawa, haijasema kitu. Jina lenu likiandikwa vizuri kwa herufi zilizochaguliwa kwa makini linatosha, na linagharimu kidogo.

7. Kuna mifano ya nje ya kujifunza?

Ipo, na mitatu inafaa kutazamwa kwa makini. Public Theater ya New York ilipewa mwonekano mpya 1994 na Paula Scher: herufi nene za uzito tofauti, kama zilizochapwa kwa vibao vya mbao, zikijaza bango hadi pembeni. Mwaka uliofuata Michael Bierut alishughulikia BAM (Brooklyn Academy of Music, ukumbi wa sanaa wa New York) kwa fonti moja ya kawaida kabisa, News Gothic, ila herufi zinakatwa kana kwamba zimeizidi fremu. Volksbühne ya Berlin nayo ina gurudumu lenye miguu miwili, lisiloeleza chochote kuhusu thieta, na hakuna anayelichanganya na la mwingine.

Kwa vikundi vyetu, somo kubwa liko BAM. Fonti moja na tendo moja. Kukata herufi hakuna gharama. Hata mtu wa simu anaweza. Mabango ya Scher yameigwa dunia nzima, na hapa kwetu herufi nene zilizojazana bango zima tayari zina mwenyewe: krusedi na tamasha la injili. Mkifuata njia hiyo, mtu atauliza mhubiri ni nani.

8. Tuchague fonti gani?

Kabla ya uzuri, jaribuni herufi. Andikeni Kamĩrĩĩthũ, kisha NG'AMBO, kisha sentensi ndefu ya Kiswahili yenye k, w na m nyingi.

Fonti nyingi za kupendeza zinazopakuliwa bure hazina ĩ wala ũ. Programu huziazima kimyakimya kutoka fonti nyingine, na jina la mwigizaji wenu linatoka na herufi mbili nyembamba katikati ya nene. Hata fonti ikiwa nazo, angalieni herufi kubwa: mkibana mistari, ile alama juu ya Ĩ hugonga mguu wa mstari wa juu. Achieni nafasi zaidi kati ya mistari, zaidi ya ile ambayo Kiingereza kingehitaji.

Ng' ni mtihani wa pili. Katika herufi kubwa, ritifaa baada ya G huacha shimo, na NG'AMBO inasomeka kama maneno mawili. Sogezeni herufi kwa mkono hadi shimo lizibe. Tumieni ritifaa iliyopinda, si ile kijiti kilichonyooka. Na mjue kwamba kwenye hashtegi ritifaa hukata neno: kitakachobonyezeka ni #Ng tu. Kama jina la onyesho lina ng', amueni mapema hashtegi itakuwa ipi.

Fonti nyingine huuzwa kwa uzuri wa Q yake. Kiswahili hakina kazi na Q. Tazameni a, k, u na i, ndizo zitakazojaa bango. Mkitaka pa kuanzia pasipo gharama, Noto Sans ina herufi zote hizi na leseni yake inaruhusu matumizi ya biashara bila malipo. Haisisimui, lakini haitawaangusha, na msisimko mnaweza kuutafuta kwenye mpangilio.

9. Bango liwe la Kiswahili, Kiingereza au Sheng?

Lugha ya onyesho iwe lugha ya bango. Onyesho la Kiswahili lenye bango la Kiingereza humwacha nyumbani yule ambaye angelifurahia zaidi. Mkichanganya, lugha moja iongoze na nyingine ifuate kwa udogo. Mbili zenye ukubwa sawa hufanya bango lisomeke kama fomu ya serikali.

Sheng itumike kama onyesho lenyewe linaiongea. Inachuja haraka, na bango hubaki mtandaoni miaka.

Kwa maonyesho ya lugha za mama, tahajia si urembo. Mwaka 1977 wakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijenga jukwaa lao la wazi na kuigiza kwa Gĩkũyũ. Serikali ikafuta kibali, na 1982 jukwaa likabomolewa. Baada ya historia hiyo, kuangusha alama za jina kwa sababu fonti haina ni uvivu. Ulizeni anayeijua lugha asome bango kabla ya kuchapa.

10. Rangi zetu ziwe zipi?

Nairobi rangi zina wenyewe. Kijani ni Safaricom, nyekundu ni Airtel. Chungwa limekuwa la kisiasa tangu kura ya maoni ya 2005 ilipowagawa watu kwa ndizi na chungwa, kisha chama cha ODM kikalibeba. Manjano ni chama cha UDA. Hakuna aliyewakataza, lakini kadiri uchaguzi wa 2027 unavyokaribia, bango la chungwa tupu laweza kuchanwa na mtu ambaye hata hajalisoma. Kinachookoa ni rangi ya pili: chungwa na waridi hakuna chama kinachoidai.

Ushauri wetu kwa vikundi vingi ni nyeusi na nyeupe za kudumu, pamoja na rangi moja inayobadilika kwa kila onyesho. Baada ya misimu miwili mabango yakiwekwa pamoja yanajieleza yenyewe. Na lipitisheni kila bango kwenye mashine ya fotokopi ya nyeusi na nyeupe. Likisomeka hapo, litasomeka popote.

11. Tutumie nakshi za Kiafrika ili tuonekane wa hapa?

Nyinyi ni wa hapa tayari. Shanga na ngao zinazobandikwa kwenye kila kitu kuanzia hoteli hadi maji ya chupa hazitawatofautisha na hoteli wala maji ya chupa. Isitoshe, tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotaka ridhaa ya jamii husika kabla ya matumizi ya kibiashara.

Kama mnataka kukopa kitu cha nyumbani, kopeni mpangilio. Kanga ina pindo lisilovunjika pembeni, mji katikati unaobadilika, na jina: mstari mmoja wa maneno unaosema kila kitu au kuficha kila kitu. Bango la thieta laweza kufuata mpango huohuo. Pindo lenye jina la kikundi, lilelile kila mara. Katikati uwanja huru wa onyesho. Chini sentensi moja kutoka kwenye mchezo wenyewe. Maua hayahitajiki.

12. Na mtindo wa matatu?

Kila wakala wa matangazo mjini ameshautumia. Tangu kanuni za waziri wa uchukuzi Michuki zilipoleta mstari wa manjano 2004, michoro imezimwa na kurudi, na nganya (matatu zilizopambwa) za leo zina wachoraji hodari kuliko sisi. Hamtawashinda kwa kuwaiga. Kinachofaa kuchukuliwa ni utaratibu wa kusoma. Abiria anatafuta nambari ya njia yake, 46, 58 au 111, kwanza, na mengine yote baadaye. Bango lenu lina 111 yake? (Swali la 13.)

## Mabango na simu

13. Bango liwe na habari gani, kwa mpangilio gani?

Jina la onyesho, au picha, mojawapo iwe kubwa kupita kiasi. Kisha siku na tarehe, pamoja na jina la siku, kwa sababu watu hupanga kwa "Ijumaa" na si kwa "tarehe 14". Kisha ukumbi, saa, bei, na namna ya kulipa.

Malipo ndipo tiketi nyingi hupotelea. Kama ni Paybill ya M-Pesa, nambari ya akaunti iandikwe pia. Kama ni Till, mseme ni Till. La muhimu kuliko yote: mtu akiingiza nambari, simu humwonyesha jina la anayepokea kabla hajabonyeza. Bango likisema jina la kikundi na simu ikaonyesha duka la vipuri la binamu ya mweka hazina, atasita, na ana haki ya kusita. Sajilini Till kwa jina la kikundi, au muandike kwenye bango: "jina litakaloonekana ni…".

Wasifu wa mwongozaji, tuzo, na shukrani kwa mama wa mtayarishaji viende kwenye kijitabu cha onyesho.

14. Saa tuiandike vipi? Watu wamefika wakati usiofaa.

"Saa 12:00" kwenye bango la Kiswahili ni mtego. Mmoja ataisoma jioni, mwingine adhuhuri. Andikeni kwa maneno, "saa kumi na mbili jioni", na kando yake kwa udogo 18:00. Mkishachagua namna hiyo, ifuateni kwenye tiketi, mtandaoni na kwenye ujumbe wa simu. Kama milango inafungwa onyesho likianza, lisemeni kwa herufi za ukubwa uleule wa saa. Foleni ya Ijumaa ya Uhuru Highway haimhurumii mtu.

15. Tuweke picha za waigizaji?

Ikiwa picha imepigwa kwa ajili ya bango, ndiyo. Picha iliyookolewa kutoka mazoezini, watu watatu wamesimama na karatasi mkononi, hapana.

Kuna shida ya kiufundi ambayo huwakuta wengi. Picha ya jukwaani ina giza kwa asili yake, na ngozi nyeusi ikichapishwa kwa mashine ya kawaida huzama zaidi: shavu, shingo na usuli vinakuwa doa moja. Kwenye skrini ilionekana nzuri kwa sababu skrini ina taa yake. Kabla ya kupeleka, inueni mwanga wa kati wa picha bila kugusa weusi wa usuli, hadi kwenye skrini ionekane imezidi kidogo. Au mpigeni mwigizaji mchana, karibu na dirisha, mbele ya ukuta wa rangi ya onyesho. Bei yake ni bure, na tunaipenda kuliko studio nyingi.

16. Faili ziwe za ukubwa gani, na kwa nini WhatsApp inatuharibia bango?

Kwa kuchapa, A3 ni milimita 297 kwa 420, na A2 ni 420 kwa 594. Kwa stetasi ya WhatsApp na stori, pikseli 1080 kwa 1920. Kwa posti ya Instagram, 1080 kwa 1350. Chorini hiyo ya simu kwanza. Watu wengi hawataliona bango lenu kwa namna nyingine yoyote.

WhatsApp hubana picha inapotumwa, na bango lililohifadhiwa na kutumwa upya mara kadhaa huwa limefifia. Mkimtumia mtu faili ya kuchapa au ya kusambaza, itumeni kama hati, si kama picha. Halafu kubalini kwamba itabanwa tu, mchore kwa kulitegemea hilo: herufi nene kiasi, hakuna maandishi membamba juu ya picha yenye mambo mengi. Kwenye stetasi acheni nafasi juu na chini, maana jina la anayeposti hukaa juu na sehemu ya kujibu hukaa chini. Tarehe imefia hapo mara nyingi.

17. Tunachapa River Road. Tufanye nini rangi zisigeuke?

Pelekeni PDF, si faili ya kuhaririwa. Geuzeni maandishi yawe michoro kabla ya kuondoka nyumbani. Kompyuta ya dukani haina fonti yenu, na ile ũ mliyoipigania kwenye swali la 8 itatoka kama kisanduku. Ongezeni milimita 3 za ziada kila upande ili kisu kisiache mstari mweupe. Kijani cha kung'aa na buluu kali za skrini hazipo kwenye wino, kwa hiyo badilini rangi kuwa CMYK (mfumo wa rangi za wino) wenyewe na muone zinavyopoa, badala ya kuachia mashine iamue.

Ombeni nakala moja. Ilipieni, tokeni nayo nje, muitazame juani, kisha msimame hatua kumi mbali. Hapo ndipo mtasema "endelea". Fundi anaharakisha kwa sababu kuna mtu wa kadi za harusi nyuma yenu. Mwacheni mtu wa harusi atangulie kama ni lazima. Karatasi ya gramu 150 isiyong'aa inatosha kwa bango la ndani. Inayong'aa hurudisha taa za barabarani, na jioni hakuna anayesoma.

18. Tunaweza kubandika popote mjini?

Hapana. Kaunti ya Nairobi hutoza na kudhibiti matangazo ya nje, na ukuta wa jengo una mwenyewe. Ombeni nafasi ndani: vyuo, maktaba, mikahawa, vinyozi, studio za densi. Mwoneni soja wa mlangoni kabla ya meneja. Ndiye atakayeamua kama bango litafika Jumatatu.

19. Mfadhili anataka nembo yake iwe kubwa kwenye bango. Tufanyeje?

Lijadilini kwenye mkataba, kabla pesa hazijaingia. Kanuni inayokubalika kirahisi: nembo zote za wafadhili kwenye ukanda mmoja chini, kimo kimoja, rangi moja, nyeusi au nyeupe. Wengi wana toleo la rangi moja tayari, liombeni. Anayekataa ukanda huwa anakubali ukurasa mzima kwenye kijitabu.

## Ukumbini

20. Mwonekano uishie kwenye bango, au uingie hadi jukwaani?

Uingie hadi mlangoni mwa jukwaa, ukome hapo. Tiketi, mshale wa kuelekea chooni, fulana za wanaopokea wageni, karatasi ya "Zima simu" kwenye kila kiti: hivi ni vyenu. Jukwaa ni la mbunifu wa jukwaa na maleba. Nembo inayomulikwa ukutani wakati wa onyesho humtoa mtu kwenye onyesho.

Kumbi za kukodi huwa na ishara zake, kwa hiyo tengenezeni zenu za kusimama zenyewe. Ziandikwe herufi nyeupe juu ya nyeusi, kubwa, kwa sababu taa zikizimwa nyeupe tupu humwaga mwanga usoni mwa watu.

## Haki na visa vigumu

21. Nembo ni ya nani, yetu au ya dizaina?

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa huchukuliwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Madizaina wengi wanaamini kinyume, na vikundi vingi pia. Andikeni ukurasa mmoja: nani anamiliki nini, faili za asili zitakabidhiwa lini, na kwamba dizaina anaruhusiwa kuonyesha kazi hiyo kama yake. Fonti na picha za kununuliwa zina leseni zao wenyewe. Hazihami na nembo.

22. Tuisajili? KIPI au KECOBO?

KIPI (Kenya Industrial Property Institute) husajili alama za biashara, yaani jina na nembo. Burudani iko kwenye daraja la 41. Ombi likichapishwa kuna siku 60 za mtu kulipinga, na usajili hudumu miaka 10, kisha unahuishwa. KECOBO (Kenya Copyright Board) huhusika na hakimiliki, ambayo huzaliwa kazi inapotengenezwa hata bila kusajiliwa. Kikundi kichanga kinaweza kungoja; ila jina litafuteni kwenye rejista za KIPI kabla ya kulichora, si baada.

23. Onyesho letu ni la kisiasa. Tunaweza kutumia bendera au ngao ya taifa?

Rangi, ndiyo. Bendera na ngao zenyewe zina sheria yake, na matumizi ya kibiashara yanahitaji kibali. Bango la kuuza tiketi ni biashara. Kuna njia nyingi za kuchora dola bila kuchora ngao, na kwa kawaida huwa kali zaidi.

24. Je, tukiposti picha za hadhira?

Sura inayotambulika ni data binafsi chini ya sheria ya 2019, na kuitumia kujitangaza kunahitaji ridhaa. Kwa mtoto, ya mzazi. Pigeni kutoka nyuma, visogo vikiwa mbele ya mwanga wa jukwaa. Kama kikundi kinaigizia shuleni, liongeeni na shule kabla ya siku yenyewe.

25. Akili unde inaweza kututengenezea bango?

Kwa kujaribu mawazo haraka, ndiyo. Kwa bango la mwisho, thieta ndiyo sanaa ambayo mtu analipa kuona miili halisi chumbani. Sura isiyo ya mtu yeyote inamuahidi nini?

26. Kikundi kikigawanyika, nani anabaki na jina na mwonekano?

Aliye nao kwenye karatasi. Mara nyingi huyo si kikundi: Till ni ya mtu mmoja, kurasa za mtandaoni zina nenosiri la mwingine, faili za nembo ziko kwenye kompyuta ya dizaina aliyehamia Mombasa. Sajilini jina la biashara au shirika, na alama ya biashara mkiweza, kwa jina la kikundi (swali la 22). Wekeni faili zote kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye wasimamizi wawili wasio wa ukoo mmoja. Kwenye katiba ya kikundi ingizeni kifungu kinachosema anayeondoka hachukui jina, wala tofauti yake kama "Mpya" au "Asilia", na kwamba mabango ya maonyesho yaliyopita yanabaki kumtaja kila aliyeshiriki, hata kama siku hizi hamsalimiani.